Uduvi, Friza na Maji Yaliyolala

Tangi lenyewe halikuwa langu. Mteja mmoja wa Ngong Road aliniagiza nimtengenezee la samaki, kioo kinene, pembe zote zibanwe kwa gundi nyeusi, halafu akabadilisha mawazo na kuzima simu. Mimi ni fundi wa vioo pale Dagoretti Corner. Shule niliiacha darasa la sita, lakini najua kwamba kioo kilichokwisha kugandishwa kuwa tangi hakirudi kuwa dirisha. Nikalibeba hadi nyumbani, Kabiria.

"Hilo ni la nini?" mke wangu Rael aliuliza.

"La samaki."

"Samaki wa kula?"

"Wa kuangalia."

Rael ni mtu wa ziwani kama mimi. Alinitazama kana kwamba nimeleta ng'ombe wa kupigwa picha.

Nilipopata nafasi nilikwenda Ngara kwa Kimanzi, jamaa anayeuza samaki wa mapambo kwenye kibanda kilichobanwa kati ya fundi wa simu na mama wa mitumba. Samaki wake sikuwapenda. Walikuwa wanazunguka kama watu wanaotafuta choo. Lakini kwenye tangi la pembeni niliona uduvi. Wekundu, wembamba, hawafiki nusu ya kidole, wanatembea juu ya majani wakiokota chakula kwa vijikono vyao bila haraka, kama akina mama wanaochambua mchele. Nilisimama pale mpaka Kimanzi akaniuliza kama niko sawa.

"Hawa wanakula nini?" nikamwuliza.

"Chakula si shida, mzee. Shida ni maji. Wewe hutafuga uduvi, utafuga maji. Maji ikiwa poa, hao watajifuga wenyewe."

Akanipa somo. Maji ya mfereji yana dawa ya kuua viini. Binadamu haisikii, uduvi anaisikia mwili mzima. Kwa hiyo maji yachotwe, yawekwe kwenye beseni wazi, yalale nje mpaka dawa itoke. Yakishalala yaingizwe kidogo kidogo, si kumwagwa kama unazima moto. Shaba isiguse maji hayo kamwe. Dawa ya mbu isipulizwe nyumba hiyo. Na kwa sababu maji ya Nairobi ni mepesi, hayana chokaa, nitie maganda ya mayai, maana uduvi hujivua gamba na kuvaa jingine, na gamba halitoki hewani.

Nililishika somo hilo kuliko lolote nililofunzwa darasani. Maganda niliyatoa kwa muuza mayai ya kuchemsha pale stendi, akawa ananiangalia kwa huruma.

Rael alipowaona uduvi wenyewe alicheka mpaka akaketi.

"Baba Quincy, umenunua ochong'a."

Ochong'a ni uduvi wadogo wa ziwa letu. Huanikwa, husagwa, hulishwa kuku.

"Hawa si ochong'a. Hawa ni wekundu."

"Ochong'a amevaa nguo ya Krismasi. Kwetu kuku anamla, na wewe umemwekea taa."

Kicheko kiliisha chama kilipoingia. Rael yumo kwenye chama cha akina mama wa kanisani kwetu, na zamu yake ya kuletewa kitu ilikuwa inakaribia. Wengine wameletewa masufuria, mwingine cherehani. Rael aliomba friza, auze barafu, maziwa lala na juisi za vifuko. Wazo zuri, sikulipinga. Shida ni kwamba chumba chetu ni kimoja na pazia katikati, na kona iliyo karibu na soketi ilikuwa imeshikwa na tangi langu.

"Tangi litatoka," Rael alisema.

"Litaenda wapi?"

"Kwa yule mteja wako aliyezima simu."

Tulivutana mpaka jirani yetu Mzee Kaloki akabisha mlango. Yeye ni mzee wa kanisa, na ukuta wake na wetu ni mmoja, kwa hiyo kesi alikuwa ameshaisikia yote. Aliketi, akanywa chai, akafikiri.

"Hao wadudu wakizaa humo ndani kabla friza ije," alisema, "basi ni mifugo, na mtu hafukuziwi mifugo yake. Wasipozaa ni mapambo. Mapambo yatoke, friza ikae."

"Nani ataamua kama wamezaa?" Rael akauliza.

"Mimi mwenyewe. Nitakuja siku ya friza na tochi."

Tukakubaliana. Sikuwa na wasiwasi. Uduvi walikuwa wamechangamka, na siku moja asubuhi nikaona jike mmoja, mkubwa kuliko wenzake, amebeba mayai chini ya tumbo, anayapepea kwa miguu kama mtu anayepepea jiko. Nilimwita Rael. Aliinama akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Anayabeba hivyo siku zote?"

"Mpaka yaanguliwe."

"Maskini," alisema, akarudi kwa sufuria yake.

Nilifurahi mapema. Kabla wiki haijaisha, uduvi wawili walikuwa wamelala chali. Nikasema labda ni yale magamba yanayovuliwa, maana la kwanza kabisa nililoliona nilidhani ni maiti nikamtangazia Rael msiba. Lakini magamba hayana macho. Hawa walikuwa na macho.

Nikafanya alivyosema Kimanzi: ukiwa na shaka, badilisha maji. Nikachota mengi kuliko kawaida, nikayalaza nyuma ya nyumba kwenye beseni kubwa la bluu, na kesho yake nikayaingiza polepole. Baada ya saa moja uduvi wakaanza kukimbia huku na huko, wakipanda kioo kama wanaotaka kutoka. Kesho yake walikufa wengine. Nikabadilisha maji zaidi. Wakafa zaidi.

Nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza nilimwendea Awuor, jirani wa upande wa pili, ambaye mimi humsikia akipuliza kitu jioni.

"Awuor, unapuliza dawa ya mbu?"

"Napuliza marashi. Kwani nani amekwambia nina mbu?"

"Marashi kiasi hicho?"

"Baba Quincy, wewe ukioga kama mimi, utakuja kuniuliza maswali ya marashi."

Nikatoka hapo nikaenda kwa mwenye nyumba, Macharia, nikamwuliza kama mabomba yake ni ya shaba. Macharia alicheka vibaya.

"Shaba? Ningeweka shaba kwa hiyo ploti, si mngekuwa mshaiuza? Ni plastiki, Obuya. Plastiki ya bei ya chini kabisa, nilichagua mwenyewe."

Nilimwamini. Macharia ana kasoro nyingi, lakini kwa ubahili wake hadanganyi.

Nyumbani Rael aliniuliza kila jioni wamebaki wangapi. Mimi nilidhani anahesabu siku za kona yake. Nilimjibu kwa mkato. Jike mwenye mayai alikuwa bado hai, amejificha nyuma ya jiwe, akipepea tumbo lake taratibu kuliko mwanzo.

Jumamosi, wiki moja kabla ya friza, nilijaza chupa ya soda kwa maji ya lile beseni na kwenda nayo Ngara. Kimanzi aliifungua, akainusa, akainusa tena.

"Hii umechota kwa swimming pool ya hoteli gani?"

"Nimechota kwangu."

"Ililala?"

"Imelala tangu jana, nje, wazi kabisa."

Alichovya kijikaratasi chake cha kupimia. Kikageuka rangi papo hapo, ikakolea. Akanionyesha kile cha maji ya mfereji wake mwenyewe kwa kulinganisha. Changu kilikuwa kimekolea mara nyingi.

"Mzee, hii maji ililala, halafu mtu akaiamsha."

"Nani aamshe maji?"

"Mimi nauza samaki. Hiyo ni kesi ya kwako."

Nilirudi nyumbani, nikachota maji mapya, nikayaweka nyuma kwenye beseni. Kisha nikajilaza kwenye sofa nikaanza kukoroma. Mimi hukoroma kweli kweli, kwa hiyo kuigiza hakukunishinda. Mlango wa nyuma ulikuwa nusu wazi. Haukupita muda mrefu, nikaona Rael ameinama juu ya beseni na chupa nyeupe mkononi, anapima kwa kifuniko. Alimwaga kimoja. Akafikiri, akamwaga cha pili. Halafu akafunika beseni kwa sinia, vizuri, kama mtu aliyemaliza kazi njema.

"Rael."

Hakushtuka. "Kumbe hulali. Nilijua, ukilala kweli unapiga na mluzi."

"Unaweka nini kwa maji yangu?"

"Dawa ya maji."

Hapo nikakumbuka. Kulikuwa na tetesi za kipindupindu huko chini mtaani, na Namalwa, mwenyekiti wa chama chao, ambaye pia ni mhudumu wa afya wa kujitolea, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akigawa chupa hizo. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema kwamba maji yoyote yaliyokaa wazi ni ugonjwa unaosubiri mtu. Nilidhani anazungumzia maji ya kunywa.

"Umekuwa ukiweka tangu lini?"

"Tangu Namalwa alete chupa. Kila siku nakuta beseni halina kifuniko. Nikajiuliza, huyu mtu mzima amekuwaje? Nikatia dawa, nikafunika. Asubuhi kabla hujaamka naondoa sinia, nisije nikasikia kelele."

"Mimi naacha wazi dawa itoke."

"Itoke iende wapi?"

"Hewani. Rael, natoa, unarudisha. Natoa, unarudisha. Umewaua makusudi upate kona."

Hilo halikuwa neno la kusema. Rael aliweka chupa chini polepole na kunyoosha mgongo.

"Obuya." Akiniita Obuya najua nimeumia. "Nikitaka kuua wadudu wako, dawa ya mende iko hapo chini ya kitanda. Ningemaliza siku moja na ningekuwa nimelala. Mimi niliona wanakufa. Nikasema hawa wanaumwa tumbo, maji ya huyu mtu ni machafu. Nikaongeza kifuniko. Wakafa tena, nikaongeza kingine. Nilikuwa nawatibu."

"Unawatibu kwa nini wakati unataka watoke?"

"Nataka watoke. Sikusema nataka wafe. Na yule mama aliye na mayai amenikosea nini?"

Nilikwenda kumtazama huyo mama. Alikuwa amelala ubavu karibu na jiwe. Miguu ya tumboni ilikuwa bado inapepea, lakini kwa kusita, kama feni umeme ukipungua.

"Anahitaji maji safi sasa hivi," nilisema. "Na ya kulala hatuna. Mpaka yalale, atakuwa amekwenda."

"Maji ya kuchemsha je?"

"Yana nini?"

"Hiyo dawa inatoka na mvuke. Hata harufu hutoka. Kabla Namalwa alete chupa zake mimi si nilikuwa nachemsha?"

Nilipiga simu kwa Kimanzi. Alisema ndiyo, kuchemsha kunatoa dawa, lakini maji yakichemka hutokwa na hewa, na uduvi wanavuta hewa iliyo ndani ya maji, kwa hiyo tukiyapoza yakiwa yametulia tu tutawanyima pumzi. Rael alisikia akacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi.

"Hiyo ni chai ya mtoto," alisema.

Akachemsha sufuria kubwa. Ilipoipuliwa, alianza kumimina kutoka sufuria hii hadi ile, kwa juu, uzi mrefu wa maji, nyuma na mbele, kama anavyopoza chai ya watoto tangu Quincy wetu akiwa na meno mawili. Povu likapanda. Alimimina mpaka mkono ukachoka, nikampokea, nikamwaga nusu sakafuni, akanipokonya. Yalipofika baridi ya kawaida, nikafunga mpira mwembamba wa maji kwenye sufuria, nikaufinya kwa kibanio cha nguo, maji yakaingia tone baada ya tone. Tulifanya hivyo Jumamosi hiyo mpaka usiku, na Jumapili baada ya ibada, na kila jioni ya wiki hiyo. Beseni la bluu lilirudi kufua nguo. Jike alisimama Jumatatu. Jumatano alikuwa amerudi kwenye majani anaokota.

Sasa maji yalikuwa sawa, lakini mayai yalikuwa bado tumboni. Ijumaa yalikuwa tumboni. Jumamosi nilimtazama mpaka macho yakatoa machozi, naye alijificha kwenye majani mazito, akanipa mgongo.

Jumapili, ibada ilipokwisha, nilisikia nyimbo kabla ya kuona watu. Chama kikikuletea kitu hakikuletei kimya kimya. Walikuja na sare zao, vitambaa vya kijani kichwani, pikapu nyuma yao na friza nyeupe juu yake imefungwa utepe kama bibi harusi. Desturi yao ni kwamba kitu hakiachwi mlangoni. Lazima kiingie, kikae mahali pake, kiombewe, kipigwe picha, ndipo chai inywewe. Mbele alikuwa Namalwa, sauti yake ikitangulia.

Mzee Kaloki alikuwa ameshafika na tochi yake na miwani mbili, moja usoni na nyingine kipajini.

"Nyamazeni kidogo," aliwaambia akina mama waliojazana mlangoni. "Kuna shauri."

"Shauri la nini?" Namalwa akauliza. "Friza ni nzito, mzee. Hawa vijana wa pikapu wanataka kwenda."

"Nataka kujua kama uduvi wamezaa."

Namalwa akatazama tangi, akanitazama mimi, akamtazama Rael. "Mama Quincy, hiki ndicho kinashika kona ya friza?"

"Ndicho," Rael akajibu, bila kumtazama mtu.

Mzee Kaloki akapiga magoti. Akamulika kulia, akamulika kushoto, akabadilisha miwani. Jike alikuwa amesimama juu ya jiwe mbele ya watu wote, na tumbo lake lilikuwa tupu. Mayai hayakuwepo tena.

"Mayai yamekwenda," alisema. "Lakini mtoto sioni. Inawezekana ameyaangusha. Obuya, wewe waona?"

Niliinama. Niliona majani, niliona jiwe, niliona vumbi la maganda ya mayai. Miaka ya kutazama vioo juani imeniharibia macho, vitu vidogo mno vya karibu ni ukungu. Ningeweza kudanganya. Lakini tangi ni kioo, na nyuma yangu kulikuwa na kanisa zima.

"Sioni," nilisema.

"Basi," Namalwa akasema kwa upole, "toeni hicho kitu tuingize friza."

Vijana wa pikapu wakashika kamba. Nilizima taa ya tangi. Nilikuwa nimeshaweka mikono pande mbili za tangi nikifikiria ni maji kiasi gani yatolewe kwanza, Rael aliposema, "Ngojeni."

Akavua kitambaa, akajipenyeza mbele ya Mzee Kaloki, akabandika paji la uso kwenye kioo. Rael huona chawa kichwani mwa mtoto anayepita barabarani. Ningesema alikaa pale kidogo tu, lakini mimi nilijua anachofanya. Alikuwa ameshaona. Alikuwa anafikiria barafu, na maziwa lala, na juisi za vifuko.

"Wapo," alisema.

"Nani wapo?" Namalwa akauliza.

"Watoto. Wapo chini ya majani, hapa, na hapa. Hawana rangi, ni kama maji yenyewe, lakini wana macho. Mzee, lete tochi. Usiangalie mwili, angalia macho."

Mzee Kaloki akaangalia macho. "Ee," alisema. Halafu akasema tena, "Ee, ni wengi," akavua miwani zote mbili.

Akina mama wakasukumana kuona, vitambaa vya kijani vikagongana, mmoja akasema ni uongo, mwingine akasema yule pale amemwona akiruka. Namalwa peke yake alibaki amesimama.

"Mama Quincy, unajua umesema nini?"

"Najua."

"Sisi hatuwezi kurudi na friza. Na hatuwezi kuiombea ikiwa kwa pikapu."

"Najua pia hilo."

Rael alisimama hapo, kitambaa mkononi, hana pa kuweka zawadi aliyoingojea kwa zamu za watu wote. Mimi nilikuwa nimeshinda, na niwaambie kweli, sikuwahi kushinda kitu nikajisikia vibaya hivyo. Nikatazama chumba. Kitanda hakitoki. Jiko la gesi halitoki. Meza ni ya chai ya wageni. Halafu nikatambua kwamba kuna kitu hakuna aliyekitaja tangu kesi ianze, si Rael, si Mzee Kaloki, kwa sababu kiti cha baba wa nyumba watu hukizoea kama ukuta. Kilikuwa kando ya tangi, kipana, cha kuegemea, na nyuma yake waya wa friza ungefika kwenye soketi bila taabu.

"Kiti changu kitoke," nilisema.

"Utakaa wapi?" Rael akauliza.

"Kitoke kwanza."

Akina mama hawakungoja nibadilishe mawazo. Walikitoa kwa wimbo ule ule waliouandaa kwa friza, wakaingiza friza kwa wimbo huo huo, na Namalwa akaomba. Aliibariki friza, akabariki biashara, kisha akafungua jicho moja kuelekea tangi na kuongeza viumbe wote waendao ndani ya maji. Kwenye picha friza na tangi vimesimama bega kwa bega, na mimi nimekatwa nusu.

Sofa ni ya Rael na wateja wake sasa. Mimi nikitaka kuwatazama uduvi, nakaa juu ya friza, juu ya gunia lililokunjwa. Watoto wamekua, wamekuwa wekundu. Kifuniko ni baridi, lakini mahali ni pazuri, naona tangi lote kwa juu. Tatizo ni watoto wa mtaa huu, wanapenda barafu kupita kiasi. Ndiyo kwanza nimepata utulivu, mlango unabishwa.

"Simama, Baba Quincy," Rael ananiambia. "Mteja."

Nasimama.